Onja Kwanza

Bi Pindo hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea umevaa gauni jipya, kabla hajaitikia salamu yako alikuwa ameshainama, amelishika pindo la gauni, amelipindua na kuitazama mishono ya ndani. "Fundi wako kalipua kazi," angesema, ndipo akuulize habari za nyumbani. Jina hilo alipewa na wateja likamganda, na yeye mwenyewe alilipenda. Alisema kwa nje kila nguo imepigwa pasi. Ukitaka ukweli wake, ipindue.

Na tusimwonee: mara nyingi alipatia. Muuza vitambaa aliyemshuku kwamba anakivuta kitambaa anapokipima, kweli alikuwa akikivuta. Mchumba wa binti ya dada yake, aliyemshuku kwamba ana mke mahali, kweli alikuwa naye. Mtu aliyezoea kupatia ndiye wa kuogopwa, maana siku akikosea hakuna wa kumrudi.

Alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Katikati kulikuwa na meza ya kukatia, ndefu, iliyochongwa na mkasi kwenye kingo. Dirisha lilizibwa na kabati la vitambaa, kwa hiyo chumba kilikuwa na giza hata mchana. Mlangoni, penye mwanga kidogo, alikaa fundi wake wa miaka mingi, mtu mzima mmoja aliyevaa miwani minene ya kioo, wote wakimwita Mzee Miwani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko, na jikoni alikuwapo mkamwana wake, mke wa mwanawe.

Shida ya Bi Pindo ilikuwa rangi nyeupe. Kazi yake kubwa ilikuwa sare: mashati ya shule na magauni ya wauguzi, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na macho yake yalikuwa yameanza kuukana uzi huo. Miwani hakutaka hata kuisikia. "Nikivaa miwani wateja watasema fundi kapofuka," alisema. "Miwani ni ya Mzee Miwani." Basi aliukadiria mshono kwa kidole, na ulipopinda alimlaumu aliyetengeneza uzi.

Mwanawe, fundi umeme aliyefanya kazi kwenye majengo ya mbali na kurudi nyumbani Jumamosi, ndiye aliyempatia dawa. Walikuwa wanakarabati wodi kuukuu ya hospitali, na katika rundo la vitu vya kutupwa aliokota taa ndefu ya kioo kitupu, kisicho na ule unga mweupe wa ndani wa taa za kawaida. Akaja nayo, akaining'iniza chini kabisa juu ya meza ya kukatia, akaiwasha. Ilitoa mwanga wa bluu, dhaifu, wa kudharaulika.

"Hii ndiyo taa?" mama yake aliuliza.

"Subiri, mama. Leta shati."

Aliweka shati jeupe chini ya taa, na uzi ukawaka. Kitambaa kilibaki kimefifia, lakini kila mshono ulionekana, mmoja mmoja, hata ule uliopinda kwenye kola. Bi Pindo alipitisha kidole juu ya mshono ule. Kisha alimshika mwanawe shavu kama alivyokuwa akimshika utotoni, na wiki ile nzima kila mteja alioneshwa taa, awe amekuja kushona au amekuja kuomba chumvi tu.

Mtu mmoja hakuisifu. Mkamwana alipoleta chai siku ya kwanza alisimama mlangoni, akakunja pua. "Mama, hamsikii harufu? Kama waya umeungua. Au kama radi imepiga karibu." Akaweka sinia, akainua mkono, akaizima taa.

Bi Pindo aliiwasha tena. "Mumeo kaifunga kwa mikono yake. Hakuna waya ulioungua."

Huyo mkamwana alikuwa mwanamke mkimya. Alipika vizuri, alifua vizuri, alimlea vizuri binti yake mdogo, na hakuwa na neno. Mama wakwe wengine wangeshukuru. Bi Pindo aliona ukimya ni pindo lililoshonwa kwa nguvu mno: kwa nini likazwe hivyo kama ndani hakuna kitu?

Siku chache baada ya taa, jioni moja baada ya chakula, Bi Pindo alihisi mchanga machoni. Alidhani ni vumbi, akafikicha. Mchanga ukawa kokoto. Machozi yalimchuruzika bila kilio, mwanga wa balbu ya ukumbini ukamchoma kama sindano, na uso wote ukawa wa moto. Alilala amejifunika kitambaa cha maji. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba, hakuweza kazi, akapumzika. Kesho yake alikuwa mzima. Akarudi mezani kukata magauni ya wauguzi, na jioni, baada ya chakula, mchanga ukarudi.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya. Bi Pindo alikaa chini akatafuta: nini hutangulia mchanga? Asubuhi yuko mzima. Mchana yuko mzima, anashona, anacheka na wateja. Jioni anakula, na akishakula macho yanawaka. Alilipindua jambo hilo upande huu na upande huu, na kila alipolipindua alikuta sahani ya chakula, na nyuma ya sahani mkono wa mkamwana.

Alikwenda duka la dawa. Muuzaji alimwangalia kwa mbali, akampa dawa ya matone na kusema ni mzio.

"Mzio wa nini?"

"Labda vumbi la vitambaa. Au kitu unachokula."

Vumbi la vitambaa Bi Pindo alikuwa amelivuta tangu usichana wake na halijawahi kumtoa chozi. Kilichobaki ni kitu anachokula. Alirudi nyumbani akiwa ameshika kichupa cha matone na hukumu.

Hata hivyo alitaka ushahidi, maana yeye si mtu wa maneno matupu. Alikwenda kumtembelea dada yake, akakaa huko siku kadhaa, akala kila alichopewa na kuongezwa, na macho yake yakawa meupe, yametulia. Alirudi, akashinda mezani akikata mashati yaliyomsubiri, jioni akala chakula cha nyumbani. Kabla vyombo havijaoshwa alikuwa ameshika uso wake kwa mikono miwili. Hapo kwake yeye kesi ilikwisha.

"Lakini mwanao anakula chakula hicho hicho akija," alisema Mzee Miwani, ambaye jioni hakuwapo na hakutaka kesi za watu.

"Sufuria ni moja, sahani ni mbalimbali. Anayetakiwa si yeye, ni mimi. Mwenye nyumba ni mimi."

Mzee Miwani alijikuna mkono wa kushoto, ule uliokuwa upande wa meza. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na inabambuka. "Mke wangu naye kabadilisha sabuni," alisema kwa uchungu. "Namuuliza, anakataa."

Aliyeupalilia moto huo alikuwa jirani, shoga wa Bi Pindo tangu ujana, aliyeitwa Mama Redio kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri mtaa mzima umeshaisikia, tena na matangazo ya vifo juu yake. Alikuja na kitambaa cha gauni la harusi ya mpwa wake, akamtazama rafiki yake usoni.

"Mbona umechubuka hivyo, shoga? Umeanza kujipaka krimu uzeeni?"

Bi Pindo alimweleza. Mama Redio alisogeza kiti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mimi sijasema ni yeye. Nikae mbali. Lakini kuonja si dhambi. Zamani mpishi alionja mbele yako, akatoa uchawi, mkala kwa amani. Mwambie aonje. Kama hana lake jambo, ataonja."

Jioni ile mkamwana alipoweka sahani, Bi Pindo aliirudisha kwa kidole. "Onja kwanza."

Mkamwana alicheka, akidhani ni utani. Kisha aliyaona macho ya mama mkwe wake, mekundu, yasiyopepesa, na kicheko kikamwishia. Alichukua kijiko, akaonja wali, akaonja mchuzi. Bi Pindo alimsubiri ameze, kisha akasubiri kidogo tena. Ndipo akala. Na kabla ya kulala, mchanga ukaja kama kawaida.

Mtu mwenye haki angesema: basi, si chakula. Lakini aliyekwisha kumshuku mtu hakosi pa kuhamia. Sumu ikatoka kwenye sahani ikaenda kwenye beseni la kunawia. Ikatoka kwenye beseni ikaenda kwenye taulo. Bi Pindo akanawia maji aliyoyateka mwenyewe, akajifuta kwa kanga aliyoifua mwenyewe, sumu ikahamia kwenye mto wa kulalia. Alinusa mto akitafuta pilipili. Siku iliyofuata mkamwana alifua foronya zote za nyumba, kama alivyozifua kila wiki, na Bi Pindo akajua kwa nini: anafuta alama.

Na kila jioni mkamwana alionja. Siku za mwanzo aliambiwa. Baadaye aliweka sahani, akachukua kijiko, akaonja bila kuambiwa, akasimama pale kama mtu anayepimwa nguo, akisubiri ruhusa ya kuondoka. Jambo hilo hakumwambia mumewe. Jumamosi mumewe alipofika hakukuwa na kuonja, Bi Pindo alihakikisha hivyo. Alimwona mwanawe akila kwa furaha kutoka mkono ule, akaumia moyoni. Alimpenda mno kumwambia kabla hajapata ushahidi wa kushikika, na aliogopa pia: vipi akichagua upande wa pili?

Siku moja mchana aliingia chumba cha kushonea akakuta taa imezimwa na plagi imechomolewa ukutani. Mkamwana alikuwa ndani, amembeba mtoto.

"Mama, ile harufu inanikaba," alisema. "Na huyu akikaa humu anakohoa."

"Unataka nishone gizani."

"Sitaki hivyo, mama."

"Sare zikirudishwa zimepinda, wateja watakwenda kwingine. Ndicho unachotaka?"

Mkamwana alimpandisha mtoto begani, akatoka. Bi Pindo alirudisha plagi. Kwanza chakula, sasa riziki, alijiambia. Huyu mtu anakula huku na huku kama panya.

Kulikuwa na kiumbe kimoja nyumbani ambacho Bi Pindo hakukishuku. Mjukuu alikuwa na umri wa kuanza kukimbia na kuanguka. Bi Pindo alimwita mke mwenza. "Mke mwenzangu, mume wetu katuacha," alimwambia, akimaanisha marehemu babu yake, na mtoto alicheka asijue anachochekea. Sasa hofu mpya ikamwingia: mtu anayeweza kumdhuru mtu mzima, mtoto atamshinda? Ni mama yake, ndiyo. Lakini hata paka hula watoto wake. Akaanza kumchukua mtoto asubuhi na kushinda naye, amemtandikia matambara chini ya meza, kivulini.

Mambo yaliharibika siku Mama Redio alipokuja kupima gauni la harusi. Mkamwana alileta chai, vikombe viwili. Bi Pindo, mbele ya mgeni, sindano ikiwa mdomoni, alisema, "Onja kwanza."

Mkamwana aliweka sinia juu ya cherehani ya mama mkwe wake.

"Nimeonja, mama. Tangu uliponiambia nimeonja kila siku, nikasema ni ugonjwa, utapita. Nimeonja mpaka chakula changu mwenyewe nakiogopa. Lakini mbele za watu sionji."

"Unaona," alisema Mama Redio kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini.

"Naenda kwetu. Nipe mtoto wangu."

Mtoto alikuwa amelala kwenye matambara yake. Bi Pindo alisimama kati yake na mama yake. "Nenda salama. Mtoto habanduki hapa mpaka baba yake arudi Jumamosi."

Mzee Miwani alisimamisha cherehani. "Dada, mpe mwanawe."

"Wewe shona."

Mkamwana alimtazama mtoto aliyelala, akamtazama Bi Pindo. Angeweza kuvuta, na mwingine angevuta, mtoto akawa kamba. "Nitarudi na wakubwa zangu," alisema, akatoka na nguo alizovaa.

Mama Redio hakuondoka. Rafiki wa kweli hamwachi mwenzake katika msiba, hasa msiba wenye habari nzuri kama huo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya taa, mpaka jua lilipoanza kushuka, akisimulia mama wakwe wote aliowahi kusikia wamelishwa vitu. Chai hakuigusa, wala maji. "Tumbo langu nalipenda," alisema. Mtoto alipoamka akimlilia mama yake, Bi Pindo alimnyanyua akamlaza chali mezani, juu ya kitambaa cheupe, akamwonesha taa. Mtoto alinyamaza. Aliipenda ile bluu. Aliitazama bila kupepesa huku bibi yake akikata kando yake, na kila alipotaka kulia bibi alimwambia, "Tazama taa, mke mwenzangu, tazama taa."

Jioni Bi Pindo aliingia jikoni mwenyewe. Alichota maji mwenyewe, akafungua unga mpya, akampikia mtoto uji na yeye mwenyewe akapika viazi. Walikula wawili, kwa amani, na akajisikia ameshinda. Leo, alijiambia, ndiyo nitajua.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Redio, ameongozwa na mumewe, ameshika kitambaa cha maji usoni.

"Umenipa nini?" alisema. "Macho yangu, shoga. Kama mchanga. Umenipa nini?"

"Sijakupa kitu," alisema Bi Pindo. "Hujala kitu kwangu. Hata maji."

Walisimama hivyo, mmoja haoni, mwingine machozi yameanza kumtoka. Bi Pindo alitafuta haraka haraka pa kuhamia. Chakula, hapana. Beseni, hapana. Mto, hapana. Alikuwa bado anatafuta pale mtoto alipoanza kulia chumbani. Haikuwa kulia kwa njaa wala kwa deko. Alimkuta amekaa, amebana ngumi mbili machoni, uso umeiva, na alipojaribu kumshika alimsukuma akimwita mama yake.

Uji ule aliupika yeye. Kwa mkono wake. Bi Pindo akakaa sakafuni karibu na mtoto asiyetaka kushikwa.

Asubuhi Mzee Miwani aliwaongoza hospitali, kwa sababu ndiye pekee aliyeona njia. Bi Pindo mkono huu, Mama Redio mkono huu, mtoto begani amefunikwa kanga. Watu walitazama. Mama Redio, aliyezoea kutangaza wenzake, siku hiyo aliinamisha kichwa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, lakini alipomwangalia wa tatu haraka ilimwishia.

"Nyumbani kwenu kuna mtu anachomelea vyuma?"

"Tunashona nguo, daktari," alisema Mama Redio. "Hatushoni mageti."

"Haya macho yameungua kama ya mchomeleaji. Na ngozi pia. Kuna mwanga wowote mkali?"

"Si mkali," alisema Mzee Miwani polepole. Akautazama mkono wake wa kushoto. "Ni wa bluu. Mdogo tu. Una harufu."

Daktari aliweka tochi yake chini. Aliuliza taa ilitoka wapi, ina kioo cha namna gani, imening'inizwa juu kiasi gani, iliwekwa kwa kazi gani. Bi Pindo alijibu moja moja, na kila jibu lilimtoka kwa shida zaidi.

"Hizo ni taa za kuulia vijidudu," alisema daktari. "Huwashwa wodi ikiwa tupu. Watu wanatoka, mlango unafungwa, ndipo inawashwa. Hakuna anayekaa chini yake. Ninyi mmekaa kutwa."

"Lakini mwanga wake haufiki popote, daktari. Ni hafifu."

"Unaouona ni hafifu. Unaochoma hauonekani. Inaitwa mionzi ya urujuanimno. Hata jua linayo, mama. Ile inayopenya hadi kwetu ndiyo inayounguza watu shambani na kuwaletea kansa ya ngozi, na nyingine hupunguzwa huko juu. Lakini aina hii ya kwenye taa yenu ndiyo mbaya kuliko zote, na ya jua haijawahi kukugusa maishani mwako, kwa sababu juu angani kuna tabaka la ozoni linaloizuia yote. Watu walilitoboatoboa tabaka hilo kwa gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, dunia nzima ikashtuka, mpaka leo linaponywa polepole. Ninyi mmeiwasha chini ya tabaka. Ndani ya nyumba, juu ya vichwa vyenu. Hakuna cha kuizuia."

"Na harufu?" aliuliza Mzee Miwani.

"Ozoni yenyewe. Huko juu ni ngao, huku chini inakwaruza kifua. Kulikuwa na mtu anakohoa?"

Bi Pindo alimfunika mtoto kanga vizuri.

"Mbona mimi macho yangu mazima?" Mzee Miwani aliuliza tena.

"Kioo cha miwani yako. Na ulikaa mbali." Daktari alimgeukia Bi Pindo. "Wewe una mtoto wa jicho anaanza, ndiyo maana uzi mweupe unakupotea. Hiyo si taa, ni umri na miaka ya jua. Ulitakiwa uvae miwani siku nyingi. Ungeivaa, wala taa usingeihitaji."

"Mbona yalikuja jioni?" alisema Bi Pindo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mchana sikuwa nahisi kitu. Yalikuja jioni, baada ya chakula."

"Ndivyo yalivyo. Unaungua asubuhi, unahisi jioni. Chakula hakihusiki."

Alisema hivyo akiandika dawa, hakujua amesema nini. Mama Redio alijikohoza. Bi Pindo alitamani kuuliza ni nani aliyeiacha taa ya hatari kwenye rundo la kutupwa, na mkandarasi gani, na nani aliyemruhusu mwanawe kuichukua. Mkono wake ulikuwa umezoea kutafuta pindo la mtu. Lakini mtoto alikuwa magotini pake, mashavu yamevimba, na aliyemwambia atazame taa alikuwa yeye.

"Ataona?" aliuliza.

"Ataona. Siku chache, dawa, na giza. Ngozi itabambuka. Ila ngozi ya mtoto huweka kumbukumbu. Jua kali asikae, kofia avae, mpaka atakapokuwa mkubwa. Mama yake yuko wapi?"

Alimpigia simu mwanawe hapo hapo kwenye benchi la hospitali, akamwambia yote. Taa, chakula, kuonja, mtoto. "Taa niliileta mimi, mama," alisema mwanawe. "Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini hilo jingine sikukuletea mimi." Akakata.

Nyumbani Mzee Miwani aliishusha taa, akaifunga kwenye gunia. Bi Pindo, ambaye macho yalikuwa yamefunguka kidogo baada ya dawa, alipika uji, kwa sababu mtoto hakuwa amekula tangu jana. Akautia kwenye chupa ya chai, akajifunga kanga, akambeba mtoto akiwa amemfunika macho, akaenda nyumbani kwa wazazi wa mkamwana. Mama Redio alisema macho bado yanamuuma, hataweza kumsindikiza.

Mlango ulifunguliwa na mama wa mkamwana. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Alisogea pembeni. Mkamwana alitoka chumbani akiwa amevaa viatu, kumbe walikuwa wanajiandaa kuja. Aliona kanga usoni kwa mtoto, akamchukua kabla hajauliza lolote. Mtoto alizika uso shingoni mwake, akatulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Si wewe," alisema Bi Pindo. "Ilikuwa taa. Tangu mwanzo ilikuwa taa. Nilimweka chini yake, nikamwambia aitazame. Daktari anasema ataona." Alitaka kusema mengine, ya kuomba radhi, aliyokuwa ameyapanga njiani. Hayakutoka. "Nimekukosea sana, mwanangu."

"Nilikuambia kuna harufu," alisema mkamwana.

"Uliniambia."

Walikaa. Mama wa mkamwana alileta kikombe kitupu, akakiweka mezani katikati yao. Bi Pindo alifungua chupa, akamimina uji, na mtoto aliposikia mlio wake alinyoosha mkono gizani kwake.

Mkamwana aliurudisha mkono wa mtoto, taratibu. Akakichukua kikombe, akamnyooshea mama mkwe wake.

"Onja kwanza, mama," alisema.

Hakusema kwa hasira wala kwa utani. Bi Pindo alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Ulikuwa uji mzuri, ameupika yeye. Mkamwana alimtazama, macho yake mazima, yasiyopepesa. Alimsubiri ameze, kisha akasubiri kidogo tena.